Muulize Aliyemhamisha Mtoto

Ukikaa asubuhi pale mwaloni Mwigobero, Musoma, dagaa wakipimwa kwa ndoo, utasikia habari za shule kuliko habari za ziwa. Mama mmoja anasema shule fulani ya kutwa na bweni imemfanya mwanawe aongee Kiingereza mpaka anaota kwa Kiingereza. Mwenzake anasema shule hiyo hiyo ilimrudishia mtoto amekonda, ana mapunye kichwani, na hataki tena kusikia neno bweni. Kila mmoja anaapa kwa jina la Mungu. Wewe uliyekuja kununua dagaa, una binti anayeingia darasa la tano Januari, unarudi nyumbani umechanganyikiwa kuliko ulivyokuja.

Wote wawili wanasema kweli. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu wazazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wanapotafuta shule binafsi hupima nani anasema kweli na nani anachafua jina la shule, wakati kazi yao hasa ni kujua kila msemaji alisimama wapi alipoiona hiyo shule.

Shule yenye kutwa na bweni ni shule mbili ndani ya uzio mmoja. Mtoto wa kutwa anaijua shule ya mchana: walimu, madaftari, uji wa saa nne, gari la kumrudisha. Mtoto wa bweni anaijua hiyo na nyingine ya usiku: matroni, foleni ya maji, prepo, mbu, na yule mkubwa wa kitanda cha juu anayemtuma. Mzazi wa kutwa akikusifia shule, anakusifia walimu. Mzazi wa bweni akilalamika, mara nyingi analalamikia yanayotokea baada ya walimu kwenda makwao. Kwa hiyo kabla hujachukua sifa au lawama ya mtu yeyote, muulize mambo manne: mtoto wako alikuwa wa kutwa au wa bweni? Alikuwa darasa la ngapi? Ilikuwa mwaka gani? Na darasani alikuwa akishika nafasi ya ngapi?

Swali la nne wazazi wanalionea aibu kuliuliza, nalo ndilo lenye uzito. Mtoto anayeongoza darasa anajulikana kwa jina na mkurugenzi, picha yake iko kwenye bango barabarani, na akiumwa kichwa walimu watatu wanahangaika. Mzazi wake ni shahidi mwema wa jambo moja tu, yaani jinsi shule inavyomtunza mtoto anayeongoza. Wako pengine hataongoza. Unachotaka kujua ni namna shule inavyomtendea mtoto wa nafasi ya thelathini, mtoto mwenye pumu, mtoto ambaye ada yake imechelewa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: mtafute mzazi aliyemhamisha mtoto. Kumpata si kazi. Nenda kwenye shule za jirani uwaulize wazazi wageni wametoka wapi. Waulize kanisani na msikitini. Muulize mama anayeuza karanga karibu na geti, kwa maana yeye huona watoto wanaotoka na matranka yao katikati ya muhula. Ukimpata, usimuulize "shule ile ikoje?" Swali hilo linaleta hasira au adabu, na vyote viwili havikusaidii. Muulize: "Siku ulipoamua kumtoa, ilitokea nini?" Kisha: "Ulipolalamika, nani alikujibu, na alikujibu baada ya siku ngapi?"

Swali hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Hakuna bweni duniani lisilopata kunguni, wizi wa sabuni au watoto kupigana. Shule zinatofautiana kwa yale yanayofuata baada ya mzazi kupiga simu. Kuna shule ambayo mwalimu mkuu alipokea lawama, akaitisha magodoro yote yaanikwe juani Jumamosi ile ile. Na kuna shule ambayo mzazi aliambiwa: "Kama huridhiki, nafasi yake wanaitaka wengi."

Si kila lawama ni ya kubeba, hata hivyo. Aliyetoka akidaiwa husema mengi, na wapo watoto ambao wangelilia nyumbani hata kama wangepelekwa peponi. Ukisikia jambo lile lile kutoka kwa watu watatu wasiojuana, mmoja wa Nyasho, mwingine wa Bunda mjini, wa tatu wa Kiabakari, lichukue kwa uzito. Ukilisikia kwa mmoja, liandike pembeni ulichunguze mwenyewe.

Kwa nini bweni?

Mkoa wa Mara ulijua bweni kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1934, Kambarage, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, akiwa na miaka 12, alitoka Butiama kwa miguu, mwendo wa kilomita kama 42, akaanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, akalala bweni hapo hapo. Miaka mitatu baadaye alikwenda Tabora. Alilala bweni kwa sababu shule zilikuwa chache na nyumbani kulikuwa mbali. Leo kutoka Butiama unafika Musoma kabla chai haijapoa kwenye chupa. Umbali peke yake haujibu tena swali, kwa hiyo jibu lazima ulitoe wewe.

Wazazi wa kwetu wana sababu zinazoeleweka. Wavuvi wa dagaa hutoka jua likizama na kurudi alfajiri. Mtoto analala na nani? Wachimbaji wa Buhemba huhama na mwamba. Muuguzi wa zamu za usiku hana ndugu mjini. Wapo wazazi wa Mwanza na Dar es Salaam waliowaacha watoto kwa bibi Nyamuswa, na bibi amechoka. Na wapo wanaotaka kumwepusha binti na safari ya kilomita nyingi kwa miguu ambamo bodaboda humsimamisha kila siku.

Andika sababu yako kwenye karatasi. Ukikuta umeandika "ili akafundishwe adabu," nakusihi usimpeleke bado. Bweni halimtengenezi mtoto aliyeshindikana nyumbani; linamkabidhi kwa watoto wenzake wamfundishe wanavyojua wao. Niliwaona wawili wa namna hiyo kwenye ukoo wangu, na mpaka leo hawajatusamehe.

Halafu angalia umri. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule ikikwambia mtoto wako wa darasa la pili "atalala kwa matroni, siyo bwenini," au kwamba darasa la nne watakaa "kambi" ya kujiandaa na upimaji wa taifa, omba uoneshwe kibali. Kama hakipo, umeshajifunza jambo kuhusu shule hiyo: iko tayari kuvunja katazo la serikali kwa ajili ya ada yako, na siku nyingine italivunja kwa ajili ya jambo lingine.

Matokeo na bango

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania halitangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi bora kitaifa. Bango lenye "ya kwanza kimkoa" la miaka ya karibuni huenda linatokana na mtihani wa utamilifu wa wilaya, au shule imejipigia hesabu yenyewe. Si uongo lazima, ila uliza ni mtihani gani.

Matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti ya Baraza, na kijana yeyote mwenye simu atakufungulia. Watu hukimbilia kuhesabu daraja A. Nakushauri uhesabu vichwa kwanza. Watoto waliofanya upimaji wa darasa la nne 2022 ndio hao hao waliotakiwa kufanya mtihani wa darasa la saba 2025. Tuseme mwaka ule wa kwanza walikuwa 60, na mwaka wa mwisho wamebaki 41. Wale 19 wako wapi? Baadhi wamehama na wazazi, baadhi ada imewashinda. Lakini ikiwa kila mwaka darasa linapungua theluthi kabla ya mtihani, basi shule ina mchujo, na zile A zote kwenye bango zimesimama juu ya watoto walioondolewa. Nenda na hesabu hiyo mkononi kwa mwalimu mkuu, umuulize kwa upole. Mwalimu mkuu mwenye amani moyoni atakutajia alikokwenda kila mtoto.

Kwa sekondari fanya vivyo hivyo ukilinganisha upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne miaka miwili baadaye.

Mchujo wenyewe hufichwa kwenye fomu ya kujiunga, ule ukurasa wa tatu au wa nne ambao mzazi huusaini amesimama dirishani kwa mhasibu. Tafuta neno "wastani." Ukikuta "mwanafunzi asiyefikisha wastani wa shule atarudia darasa au atahama," ujue umeombwa kukubali mapema kwamba mtoto wako anaweza kuondolewa kwa kosa la kuwa mtoto wa kawaida. Serikali imekemea jambo hili mara nyingi, na bado lipo. Kaa chini, soma kila ukurasa, na usilolikubali lisemee hapo hapo kabla hujalipa. Ukishalipa, neno lako linapungua uzito.

Nenda ukaone mwenyewe

Usiende siku ya mahafali. Siku hiyo hata mawe ya bustani yamepakwa chokaa. Nenda Jumanne au Jumatano, kama saa sita mchana, ukasema unatafuta nafasi. Anza na usajili: kila shule halali ina namba yake ya usajili, na ofisi ya uthibiti ubora wa shule katika halmashauri yako itakwambia kama shule imesajiliwa, kama ina ruhusa ya bweni, na mara ya mwisho ilitembelewa lini. Wazazi wengi hawajui kwamba mlango wa ofisi ile uko wazi kwao.

Ukifika bwenini, usiishie mlangoni. Hesabu vitanda, kisha uliza wanalala watoto wangapi. Tazama madirisha. Hapa naomba unisikilize vizuri. Septemba 2020, bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera, liliungua usiku na watoto 10 wakafa. Septemba 2024, jirani zetu wa Kenya walipoteza wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, nayo ilikuwa shule binafsi ya kutwa na bweni. Wenye umri wangu hatujasahau Shauritanga, Kilimanjaro, 1994, walikoteketea wasichana zaidi ya 40. Moto ukianza usiku, uhai wa mtoto unategemea mlango, dirisha na mtu mzima aliye karibu. Kwa hiyo uliza: mlango wa pili uko wapi? Nondo za dirisha zinafunguka kwa ndani? Usiku mlango unafungwa kwa kufuli, na ufunguo analala nao nani, umbali gani? Mara ya mwisho watoto kufanyishwa zoezi la kutoka usiku ilikuwa lini? Ukiambiwa "tunafunga kwa nje kwa usalama wao," shukuru, aga, uondoke.

Jikoni hakuna haja ya kukaa sana. Tazama maji yanatoka wapi na maharage yamechambuliwa au la. Chooni kaa zaidi. Hesabu matundu, angalia kama milango ya wasichana ina komeo, na kama kuna maji ya kunawa. Choo hakidanganyi mgeni aliyekuja bila taarifa.

Kisha uliza kuhusu usiku wa mtoto mgonjwa. Mkoa wetu una malaria ya kutosha, na Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Mtoto akipata homa saa nane usiku, anamwamsha nani? Gari lipo? Anapelekwa hospitali gani, na mzazi anapigiwa simu kabla au baada? Kama mtoto wako ana selimundu, pumu au kifafa, andika kwenye karatasi dawa zake, dalili zake na namba zako mbili, uikabidhi kwa matroni mkononi, nakala nyingine ofisini. Usiamini kwamba ulichoandika kwenye fomu ya kujiunga kitamfikia matroni. Mara nyingi hakimfikii.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwanangu wa pili alisoma bweni katika shule moja ambayo sitaitaja. Siku ya kutembelea wanafunzi nilimpelekea wali na kuku kwenye hotpoti. Tulikaa chini ya mwarobaini pamoja na wazazi wengine. Alikula bila kuongea. Akakomba mfuniko kwa kidole. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naweza kumwachia ile mifupa. Jua lilikuwa kali lakini alivaa soksi ndani ya kandambili. Nikamwambia, "Baba, hebu vua." Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kimeiva usaha, na soksi ilikuwa imegandia. Nilipokwenda kwa matroni, alilazimika kuniuliza jina la mtoto, na darasa, na kitanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake, ana wavulana karibu 90, na alikuwa anazimia kwa uchovu. Nililotakiwa kuuliza kabla sijalipa hata shilingi ni hili: matroni mmoja anahudumia watoto wangapi? Ukishapewa jibu, jiulize wewe na dada yako mngeweza kuwaogesha na kuwatazama watoto wangapi kwa siku, kisha uamue.

Kwa hiyo siku ya kutembelea, usishinde unapiga picha. Mvue mtoto viatu. Mpapase kichwani. Angalia shingo na makwapa. Mwache ale kwanza, maswali baadaye, na usimuulize mbele ya mwalimu. Zaidi ya hapo, kabla hajaenda shule muwekeane neno la siri. Simu za bweni nyingi hupigwa mwalimu akiwa amesimama hapo hapo, na mtoto atasema "naendelea vizuri" hata kama amepigwa jana. Familia moja ya Bunda waliweka hivi: mtoto akisema "msalimie shangazi wa Tarime," na hana shangazi Tarime, wazazi wanafika kesho yake. Alilitumia mara moja tu katika miaka mitatu. Walifika.

Kuhusu viboko, ujue kanuni, maana wengi wetu tunadhani mwalimu anaruhusiwa kupiga anavyotaka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Matroni, mlinzi na kaka mkuu hawamo. Omba kuoneshwa kitabu hicho, na uangalie uso wa anayekujibu.

Ada na kalenda ya ziwa

Shule nyingi hugawa ada kwa awamu nne, na awamu ya Januari ndiyo nzito: ada, sare, godoro, tranka, ndoo, neti, rimu za karatasi. Sasa weka kalenda hiyo juu ya maisha yetu. Mkulima wa pamba wa Bunda anauza katikati ya mwaka. Januari yuko shambani na mfukoni hana kitu. Mvuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zake hazivuti samaki na boti hulala ufukweni. Shule haijui hayo mpaka uiambie.

Kaa na mhasibu kabla ya kujiunga, mpangiane tarehe za kulipa zinazofuata mapato yako, na mwandikishiane na kusaini wote wawili. Shule binafsi ina uhuru wa kukubali, na nyingi hukubali kwa mzazi aliyekuja mapema kuliko kwa mzazi aliyekuja na machozi Machi. Kisha dai jumla ya mwaka mzima, siyo ada peke yake: gari, chakula, masomo ya ziada, mitihani ya majaribio, ziara, mahafali, kambi ya darasa la saba. Kambi hiyo uiulizie hasa kama mtoto wako ni wa kutwa, kwa sababu shule nyingi huwalazimu wa kutwa wa madarasa ya mtihani kuhamia bwenini miezi ya mwisho, na mzazi hukutana na gharama ya bweni ambayo hakuipanga.

Uliza pia: mtoto anayedaiwa anatendewaje? Kuna shule hupiga simu kwa mzazi na mambo huishia kwa watu wazima. Kuna nyingine husoma majina mstarini, mbele ya watoto mia tatu. Yule mwanangu alisomwa jina mara mbili. Aliniambia miaka miwili baadaye, akiwa ameshatoka, na hakuniambia kwa kunilaumu. Na kama shule humrudisha mtoto wa bweni nyumbani kwa ajili ya ada, uliza anarudije: anapandishwa basi peke yake stendi ya Bunda saa kumi na mbili jioni, au mzazi huitwa aje amchukue?

Kama ni wa kutwa

Hapa kuna mambo machache, lakini yasipuuzwe. Uliza gari linapita kwako la ngapi. Mtoto wa kwanza kuchukuliwa asubuhi ndiye huwa wa mwisho kushushwa jioni kwenye baadhi ya njia, na nimeona wa miaka sita wakisubiri gari saa kumi na nusu alfajiri, wamelala wamesimama. Kwa maoni yangu, ikizidi saa moja kwenda na saa moja kurudi, tafuta shule ya karibu hata kama jina lake ni dogo. Panda gari hilo mwenyewe siku moja. Hesabu viti na watoto, mtazame dereva kwenye mteremko. Ajali ya basi la Lucky Vincent kule Karatu, Mei 2017, iliua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, asubuhi moja tu wakienda kwenye mtihani wa majaribio. Na bodaboda ya watoto wanne waliopangwa mishikaki usiikubali hata kama jirani zako wote wanaikubali.

Binti na likizo ya Desemba

Kuna wazazi wa mkoa huu ambao hawakuchagua bweni kwa sababu ya Kiingereza wala matokeo. Walichagua ili binti awe mbali na wale wanaotaka akeketwe. Nawaheshimu sana. Lakini bweni linafungwa Desemba, na Desemba ndio mwezi wa ngariba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kwa hiyo swali lako kwa shule ni moja: likizo ya Desemba, mtoto anakabidhiwa kwa nani? Andika majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua, na picha zao, na useme wazi kwamba baba mkubwa, bibi au shangazi akija bila simu yako, asipewe. Kama nyumbani hakuna usalama, Hope for Girls and Women in Tanzania, shirika la Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama. Dawati la Jinsia na Watoto liko katika vituo vya polisi, na namba 116, Simu ya Mtoto, hupigwa bure. Mfundishe binti namba hiyo aijue kwa kichwa kama anavyojua jina lake.

Namba 116 ni ya kila mtoto, wavulana nao, kwa kipigo na kwa kuguswa na mtu mzima au mwanafunzi mkubwa. Jambo la namna hiyo usilipeleke kwenye kikao cha wazazi wala usikubali "tuyamalize ndani." Nenda polisi na hospitali siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajaoga.

Ukiamua kumtoa

Kwa mambo madogo, anza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Usipojibiwa, nenda kwa afisa elimu wa halmashauri au kwa mthibiti ubora. Mpe muda unaoeleweka. Mwulize mtoto pia. Wa darasa la sita ana maoni yenye akili kuhusu maisha yake, na wakati mwingine atakuomba abaki kwa sababu ya rafiki mmoja, nayo ni sababu.

Ukiamua kumtoa, mtoe katikati ya mwaka ikibidi, ila epuka kumhamisha akiwa ameshasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Uhamisho hupitia kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani kwa namba ya PREM ya mtoto, kwa hiyo iandike namba hiyo kwenye daftari lako tangu siku anayojiunga, usisubiri siku ya ugomvi. Lipa deni au mliandikishiane, upewe risiti. Chukua ripoti zake zote, kadi ya bima, cheti cha kuzaliwa ulichokiacha ofisini. Kisha nendeni bwenini pamoja, wewe na yeye, mkakusanye vitu vyake mchana, wenzake wakiwa wamerudi kutoka darasani, ili apate kuwaaga. Ndoo, neti, shuka, kandambili. Watakwambia godoro huwa linaachwa shuleni. Kama kwenye fomu halikuandikwa hivyo, likunjeni, mlifunge kwa kamba, mlipandishe juu ya gari.